Baridi Haiui Kompyuta: Majibu kwa Madai Manane ya Watazama Nyota

Kuanzia Juni hadi Agosti, anga la Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania huwa safi. Mvua zimekwisha, mawingu yamepungua, na mnamo saa tano za usiku mwezi Julai kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokata anga, kinakaribia kufika utosini. Miezi hiyohiyo ndiyo ya baridi kali. Katika uwanda wa Kitulo wilayani Makete, mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari, kuna alfajiri ambazo majani hukutwa yameshika sakitu, yaani umande ulioganda ukawa mweupe.

Mwenye darubini na kamera siku hizi hatoki nje bila kompyuta mpakato. Ndiyo inayoielekeza darubini, inayopokea picha na kuonyesha ramani ya nyota. Ndiyo pia kifaa cha bei kubwa kuliko vyote mezani ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya kulala nje. Kwa hiyo ushauri haukosekani: kila aliyewahi kukesha na darubini ana lake la kusema, na mwingi wa ushauri huo umejengwa juu ya dhana kwamba adui ni baridi. Hapa chini nimekusanya madai yanayosikika mara nyingi, nikayajibu moja baada ya jingine.

Dai la 1: "Baridi ndiyo inayoharibu kompyuta."

Vipande vya kielektroniki havichukii baridi. Kazi ya feni iliyomo ndani ya kompyuta ni kupunguza joto, kwa kuwa joto ndilo linalochosha vipande hivyo. Ni kweli kwamba watengenezaji huweka mipaka. Apple, kwa mfano, husema kompyuta zake mpakato zitumike mahali penye nyuzijoto 10 hadi 35, lakini huruhusu zihifadhiwe zikiwa zimezimwa hata kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Mashine ambayo ingeuawa na baridi yenyewe isingepewa ruhusa hiyo.

Baridi huleta usumbufu zaidi kuliko uharibifu. Skrini huwa nzito kubadilisha picha, betri huisha mapema, na diski ya zamani yenye sahani inayozunguka huchelewa kuanza kwa sababu vilainishi vyake vimekuwa vizito. Kwenye usiku wa nyuzi 5 au 6, ambao ndio usiku wa kawaida wa kipupwe nyanda za juu, kompyuta iliyowashwa hujipasha yenyewe na kufanya kazi.

Kinachoua ni maji. Hewa yoyote ina mvuke wa maji ndani yake, na kadiri inavyopoa ndivyo uwezo wake wa kuubeba mvuke huo unavyopungua. Kipo kiwango cha joto ambacho hewa ikigusana na kitu kilichopoa chini yake, mvuke hugeuka matone juu ya kitu hicho. Tukiite kiwango cha umande. Soda baridi ikiwekwa juu ya meza Dar es Salaam hutoka jasho kwa sababu hiyo, wala si kwamba chupa inavuja. Kila kitakachosemwa hapa chini kinatokana na kanuni hii: kompyuta isiwe baridi kuliko kiwango cha umande cha hewa inayoigusa.

Dai la 2: "Umande hushuka kutoka angani, kwa hiyo funika tu na kitambaa."

Umande haunyeshi. Daktari William Charles Wells alilithibitisha hilo mjini London na kulichapisha mwaka 1814 katika insha yake kuhusu umande. Alitumia vifungu vya sufu vya uzito sawa, akaviweka nje usiku, vingine vikitazama anga wazi na vingine vikiwa vimekingwa, kisha akavipima ili kujua kila kimoja kimekusanya maji kiasi gani. Aligundua kwamba kitu kilicho wazi chini ya anga safi hupoteza joto kuelekea juu, kikapoa kuliko hewa inayokizunguka, na hapo ndipo mvuke wa hewa hiyo hugeuka maji juu yake.

Kwa mtazama nyota maana yake ni kubwa. Usiku mzuri kwa darubini, usio na wingu wala upepo, ndio hasa usiku wa umande mwingi. Mgongo wa skrini unaotazama juu hupoa kuliko hewa, na ukiupitishia kiganja saa nane za usiku utaukuta umelowa, ilhali chini ya meza pamekauka kabisa. Matone yakikua huteleza kufuata mwinamo wa skrini hadi kwenye bawaba, na kutoka hapo njia ya kuingia kwenye kibodi ni fupi.

Kitambaa kilichotandikwa juu ya mashine husaidia kwa muda, halafu chenyewe hulowa na kugeuka kitambaa cha maji. Kinachofaa ni paa lenye nafasi chini yake: mwavuli mkubwa, turubai lililofungwa kwenye nguzo mbili, au boksi kubwa lililolazwa ubavu, mdomo ukimwelekea mtumiaji na kompyuta ikiwa ndani. Boksi lina faida ya pili. Macho huchukua takriban nusu saa kuzoea giza, na mwanga wa skrini huyarudisha nyuma papo hapo. Kuta za boksi huuzuia mwanga huo usisambae, na karatasi nyekundu inayopitisha mwanga, ikibandikwa mbele ya skrini, humalizia kazi. Hakikisha tu kwamba matundu ya kupumulia ya kompyuta hayajaegemea ukuta wa boksi.

Dai la 3: "Feni inavuta hewa yenye unyevu, kwa hiyo izime kila unapopumzika."

Dai hili lina mantiki ya juujuu: hewa ya nje ina unyevu, feni inaivuta ndani, basi unyevu unaingia. Tuligeuze kuwa hesabu. Chukua hewa ya nyuzi 6 iliyojaa unyevu kwa asilimia 95. Ikiingia ndani ya kompyuta iliyowashwa na kupashwa moto hadi nyuzi 25, unyevu wake, ukilinganishwa na uwezo wake mpya wa kubeba mvuke, hushuka chini ya asilimia 30. Hewa ya namna hiyo hukausha.

Hatari huanza pale unapoizima na kuiacha mezani. Joto lake hutoka, mwili wake hufuata joto la hewa, na ikiwa wazi chini ya anga hupita chini yake. Baada ya muda inakuwa chombo baridi kama vingine, na umande hauibagui. Kwa hiyo kama bado una saa mbili za kazi, iache iwashwe. Zuia isijizime wala isilale yenyewe baada ya dakika chache, na punguza mwanga wa skrini ili kuokoa chaji. Ukiwa umemaliza kabisa, usiizime na kuiacha hapo huku ukifungua darubini, ukikunja waya na kuagana na wenzako. Iwe ya kwanza kufungwa na kuhifadhiwa.

Dai la 4: "Ukimaliza, iingize ndani haraka ipate joto."

Hili ndilo dai linaloua kompyuta nyingi kuliko yote, na linaua kwa sababu linaonekana ni huruma.

Fikiria nyumba ya wageni Makete saa kumi alfajiri. Chumba kina nyuzi 18, watu wanapumua humo, birika la chai limechemka, madirisha yamefungwa. Unyevu wa humo unaweza kufika asilimia 70, na hapo kiwango cha umande ni takriban nyuzi 12. Unaingia na kompyuta iliyozimwa kitambo, ikapoa hadi nyuzi 4. Ni baridi kuliko kiwango cha umande kwa nyuzi nane. Maji yataanza kujitengeneza juu yake mara moja, na si kwenye mfuniko tu unaouona na kuufuta. Yatajitengeneza pia ndani, juu ya ubao wa saketi, kwenye miguu ya vipande vidogo na kwenye matundu ya kuchomekea waya, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Nje, kwenye baridi, ilikuwa salama kuliko humu.

Dawa yake haina gharama. Ukiwa bado nje, izime, ifute mgongo na kingo kwa taulo kavu, kisha iweke ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, au begi lisilopitisha maji. Ifunge hukohuko nje, ikiwa imezungukwa na hewa ya nje. Hewa hiyo ina mvuke mchache kwa sababu ni baridi. Ndipo uiingize ndani. Maji yatajitengeneza juu ya boksi, na hayana neno. Kompyuta itapata joto polepole ikiwa imetengwa na hewa ya chumba. Iache imefungwa hadi ukiligusa boksi usisikie ubaridi, jambo ambalo mara nyingi huchukua saa mbili au zaidi. Umekesha usiku kucha, basi lala kwanza. Picha za nyota hazichachi.

Zingatia pia kwamba boksi hilo ni la safari ya kutoka nje kuingia ndani. Wapo wanaoifunika kompyuta kwa plastiki ikiwa inafanya kazi, wakidhani wanaikinga. Mashine iliyofungwa hivyo haipumui, joto lake hujaa, na unyevu wowote ulioingia nayo unabaki nayo.

Dai la 5: "Pwani hakuna baridi, kwa hiyo hayo hayatuhusu."

Mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja huenda amesoma mpaka hapa akijiona amesalimika. Pwani mambo hugeuka tu. Huko hatari iko kwenye kutoka nje.

Chukua hoteli ya ufukweni. Kompyuta imeshinda chumbani chini ya kiyoyozi na imepoa hadi nyuzi 22. Nje usiku kuna nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 85, hali ya kawaida kabisa kandokando ya Bahari ya Hindi. Kiwango cha umande cha hewa hiyo ni zaidi kidogo ya nyuzi 23. Ukiitoa kompyuta na kuifungua mezani, unaifungua ikiwa baridi kuliko kiwango hicho, na inalowa bila mtu yeyote kutaja baridi. Kioo cha darubini na lenzi ya kamera vilivyokuwa chumba kimoja nayo hupata ukungu wakati huohuo, na hiyo ndiyo dalili ya kuiangalia, kwa kuwa ukungu wa kwenye lenzi unaonekana, ila ule wa ndani ya kompyuta hauonekani.

Kanuni ni ileile, njia imegeuzwa: ifunge ndani ya boksi chumbani, itoke nje ikiwa imefungwa, ikae humo mpaka ilingane na joto la nje. Au zima kiyoyozi saa mbili kabla ya kutoka na ufungue madirisha.

Pwani kuna jambo la ziada, nalo ni chumvi. Maji ya umande peke yake yanakaribia kuwa safi na hayapitishi umeme vizuri, na wapo wanaojitetea kwa hilo. Lakini hayabaki safi. Yakigusa vumbi na chembe za chumvi zilizoletwa na upepo wa bahari, huwa njia ya umeme. Mwulize fundi yeyote wa simu na kompyuta pale Kariakoo akuonyeshe ubao uliotoka ufukweni. Ataugeuza chini ya taa yake, na utaona unga wa kijani umeota kwenye miguu ya shaba, mwembamba kama ukungu wa mkate. Kompyuta ya namna hiyo haifi siku ilipolowa. Hufa baadaye, wakati mwenyewe ameshasahau ule usiku.

Dai la 6: "Ikilowa, ifukie kwenye mchele."

Mchele mkavu hunyonya unyevu kidogo sana, tena polepole, na hauwezi kuvuta maji yaliyojificha chini ya vipande vya ubao. Unaacha unga na punje kwenye matundu. Mwaka 2024 Apple iliwaonya wateja wake wasifukie simu zilizolowa ndani ya mchele, kwa sababu chembe zake zinaweza kuziharibu. Kompyuta yenye feni na matundu mengi ina sababu kubwa zaidi ya kuepushwa.

Dai pacha ni kwamba uiwashe ili ijikaushe kwa joto lake. Hilo ni baya kuliko mchele. Maji yakiwa kwenye ubao usio na umeme, kutu huenda taratibu. Umeme ukipita, madini ya miguu ya vipande huanza kuhama ndani ya tone lile na kuunganisha sehemu zisizopaswa kuungana. Ikilowa, izime, chomoa chaja na kila waya, toa betri kama inatoka, ifungue kama hema na uiegemeze mahali pakavu penye hewa inayotembea, feni ya kawaida ikiielekea. Subiri siku nzima au mbili. Kama maji yaliingia mengi, mpelekee fundi aifungue kabla hujaiwasha.

Vile vijifuko vya vijiwe vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya ndivyo vyenye kazi ya kweli, ila kazi yake ni kinga. Vikusanye na uviweke ndani ya lile boksi lenye mfuniko. Vikiachwa wazi hujaa unyevu wa chumba na kuwa mapambo. Vipo vya kununua vinavyobadili rangi vikishiba, na vikishiba hukaushwa kwenye oveni ya nyuzi 120 hivi na kutumika tena.

Dai la 7: "Betri imekufa, baridi imeila."

Saa saba za usiku betri inasoma asilimia 40, ghafla kompyuta inazima. Mwenye nayo huanza kutafuta betri mpya, kumbe ya zamani iko hai. Ndani ya betri ya lithiamu umeme hutokana na chembe zinazosafiri ndani ya kimiminika, na baridi huzifanya zisafiri kwa uzito. Chaji ipo, ila haitoki kwa kasi inayotakiwa. Betri ikipata joto, sehemu kubwa ya chaji hiyo hurudi.

Madhara ya kudumu yapo upande wa kuchaji. Ukiichaji betri ya lithiamu ikiwa chini ya sifuri, madini ya lithiamu hujibandika juu ya ncha yake badala ya kuingia ndani, na uwezo unaopotea hivyo haurudi. Kwenye alfajiri ya sakitu, usichomeke chaja kwenye kompyuta iliyolala imezimwa nje. Ukihitaji umeme wa usiku kucha, chomeka tangu mwanzo, mashine ikiwa bado na joto la ndani, na betri ya akiba iwekwe ndani ya gari au chini ya blanketi.

Dai la 8: "Weka jiko la mkaa ndani ya hema, kila kitu kitakaa kikavu."

Hapa anayelindwa ni mtu kabla ya mashine. Mkaa unaowaka ndani ya hema au gari lililofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua watu wakiwa usingizini. Jiko la gesi lina hatari hiyohiyo, na isitoshe gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, kwa hiyo linaongeza kile ulichotaka kukiondoa. Hata jiko likiwekwa nje karibu na darubini, hewa moto inayopanda huzifanya nyota zitetemeke kwenye kioo na picha zinaharibika.

Anayetaka joto salama aige wapiga picha za nyota. Huzungusha kwenye lenzi mkanda mwembamba unaopashwa na umeme wa betri, na haupashwi hadi kuwa moto: nyuzi mbili tatu juu ya kiwango cha umande zinatosha. Kompyuta iliyowashwa tayari ina joto hilo ndani yake.

Wapo pia wanaoitoa kompyuta uwanjani kabisa, na hao sina ugomvi nao. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, yenye ukubwa wa kiganja, hufungwa kwenye darubini na kuendesha programu ya bure kama KStars, kisha mtu huitazama kazi yake kwa mawimbi akiwa kwenye gari au chumbani. Ukipendelea waya, kumbuka kwamba waya wa kawaida wa USB 2.0 una kikomo cha mita 5. Njia hii haiondoi kanuni. Inahamisha tu hatari kwenye kifaa cha bei nafuu, nacho pia kinahitaji boksi lake.

Kama utanunua kitu kimoja baada ya kusoma haya, usinunue mfuko wa gharama wala kifuniko cha kuagiza ng'ambo. Nunua kipimajoto kidogo cha dijitali kinachoonyesha pia unyevu wa hewa. Kipime chumba, kipime nje, kisha jiulize kompyuta iko upande upi na inakwenda upande upi. Ikiwa inatoka kwenye ubaridi kwenda kwenye joto lenye unyevu, ifunge kwanza, na usiifungue mpaka ipate joto.